Uchambuzi wa Jumamosi

Mdogo wangu,

Huku tunapumua. Kiti cha dirishani nimekishona upya, na mama anakuombea kila siku. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Jumamosi ulipoingia redioni kuchambua vita vya huko unakoishi, nilizima mashine ya kunyolea kama kawaida yetu hapa kinyozini. Mteja alibaki amenyolewa nusu kichwa, wala hakulalamika. "Huyu jamaa anaijua dunia!" wakasema wazee wa benchi. Nami nikavimba, kaka mtu.

Mtangazaji akasema sasa uko nchi jirani, akakuuliza kama uliyatarajia haya. Ukajibu, "Niliyaona tangu mwaka jana, ndiyo maana familia yangu niliihamisha mapema."

Wakapiga makofi. Mimi nikahesabu miezi.

Mwaka huu si ulinipigia mwenyewe? "Kaka, mlete binti yako aje asome huku. Nchi shwari, nyumba kubwa." Alipofika akaniambia wanao wako likizo kwa bibi yao mzaa mama. Likizo! Kumbe ulitaka mtu wa kukuwashia taa, nyumba isionekane tupu.

Mteja akaniuliza nauonaje uchambuzi. Nikawasha mashine, nikamalizia kichwa chake.

Simu ya binti yangu haipatikani. Mama nimemwambia ana mitihani.

Nisalimie wanao. Nimesikia redioni kwamba wako salama.

Ni mimi kaka yako,
Kinyozi