Kiuno Kwanza, Macho Wazi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeukosa mpira mara tatu. Mara tatu, mbele za watu! Binamu yangu Saquina ndiye mrushaji wetu, na alicheka mpaka akakaa chini. Haya, cheka tu.

Timu yetu ya beisibol inakwenda mjini Pemba, hii ya kwetu Msumbiji. Nafasi imebaki moja — mimi au Atija. Mwalimu Virgílio ataamua Jumamosi. Naitaka! Pemba nimefika mara moja tu, tulipokimbia vita Mocímboa, mkeka kichwani, chakula cha foleni. Safari hii nataka nishuke garini nimevaa jezi. Na nitaivaa.

Jumanne, 5 Agosti

Mwalimu kaujua ugonjwa wangu. Gongo letu la kupigia mpira ni mchi wa kutwangia. Fundi kaukata, kaupiga randa, basi. Mie nikiushika tu, mikono inajua kazi moja: juu, chini, ti! Mwalimu kasema, dada Nadia, hapa hatutwangi mahindi. Kiuno kigeuke kwanza, mikono ifuate, gongo lipite usawa wa kitovu.

Nimepiga hewa nyuma ya nyumba mpaka alasiri. Mazoea yana taabu! Lakini mwishowe kiuno kikatii. Gongo likavuma — vuuu! Raha iliyoje.

Jumatano, 6 Agosti

Kiuno safi. Macho sasa. Mpira ukikaribia, nafumba. Toka ile milio ya risasi, kitu chochote kikija kwa kasi nafumba. Sikuwahi kumwambia mtu, naona haya.

Leo nimemwambia mama, tukitwanga. Wala hakunipa pole. Kaniuliza, tukitwanga watatu kinu kimoja, we hufumba? Sifumbi. Unatazama wapi? Kinuni. Basi, kasema, ukimtazama mwenzio usoni mtagonganisha michi.

Loo! Na mie uwanjani namtazama Saquina usoni, na vicheko vyake vyote! Kesho uso simtazami. Natazama mkono, pale unapoachia mpira. Pumzi nje — hm! — halafu kiuno.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata sita katika kumi. Saquina kanuna.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika hapa hapa uwanjani, daftari mapajani. Mpira umepotea! Tunao huo mmoja tu, na nimeupoteza mie. Wote wako mikoroshoni wanautafuta.

Sharti la mwalimu: nikipiga nikafika kituo cha kwanza, nafasi yangu. Nikikosa mara tatu, ya Atija. Mrusho wa kwanza nikakosa. Wa pili nikakosa. Nyuma yangu mtu akasema, Atija ajiandae. Nikatoa pumzi.

Wa tatu nikauona! Nimeuona ukitoka mkononi, nimeuona mpaka unagusa gongo, hata uzi wa mshono nimeuona. Macho wazi, wallahi! Ukapaa, ukatoka nje ya mstari. Wa nje haunitoi, wala haunipi nafasi. Bado nina kosa moja mkononi, na mkono wenyewe hautetemeki. Tazama mwandiko huu!

Wanapiga kelele — umepatikana. Mwalimu ananiita.

Saquina hacheki tena. Anamwomba mwalimu ruhusa arudi nyuma hatua mbili, eti jua linamchoma macho. Jua lenyewe liko mgongoni kwake.