Kundi Dogo la Mengineyo

Jumatatu, 3 Agosti 1970

Mwenyekiti wetu, Bwana Mkadam, karudi kutoka Dar. Wenziwe wakivuka huleta vitenge, yeye kaleta mfumo. Umoja wetu wa Kazi za Mikono sasa utakuwa na makundi ya mazungumzo kwa barua: Kofia, Mikeka, Kamba. Kila kundi litagawika makundi madogo. Mwenye neno ataandika, barua itakuja ofisini Malindi, hapa Unguja, nami karani nitaichapa, niirudufu kwa mashine, niwapelekee wa kundi lake tu. Wa kofia wasijue ya kamba. Nikauliza, na asiyejua kusoma? Akanitazama kama mimi ndiye niliyemnyima mtu huyo chuo.

Alkhamisi, 6 Agosti

Nshachoka na makundi. Leo Kofia imegawika: Ushonaji, Uzi, Ufuaji. Ufuaji ina mtu mmoja — jirani yangu wa Kikwajuni, Bi Mwanakhamis. Kaniuliza atazungumza na nani. Nikamwambia aandike barua, nitamletea nakala yake. Tumecheka mpaka mumewe kaja kuchungulia.

Na lipo kundi dogo la Mengineyo, la kila lisilo na pahala. Msimamizi wake mwenyekiti mwenyewe. Barua za Mengineyo hazirudufiwi. Anazitia kwenye droo, mtoto wa meza yake, ati azitafakari. Mtoto huyo ashashiba, na hajalia hata siku moja.

Jumatano, 12 Agosti

Kaja mama wa shamba, Bi Kazija, kutoka pwani ya kaskazini, mkabala na Tumbatu. Kapanda lori la nazi. Hajui kuandika — kaja kusema, mimi niandike.

Wao wanasokota kamba za makumbi, maganda ya nazi. Makumbi lazima yaozeshwe kwanza kwenye mashimo ya pwani, na mashimo hayo walichimba bibi zao. Sasa yamefukiwa kifusi. Mkubwa mmoja wa serikali anajenga nyumba ya kupumzikia na hataki harufu. Kijiji kizima wanawake wamekaa, mikono mapajani.

Alisema polepole, akingoja kalamu yangu imfikie.

Nikampelekea Bwana Mkadam barua hiyo. Kaisoma kasimama. Akasema haya si ya Kamba, haya ni ya ardhi, na kundi la ardhi hatuna. Basi — Mengineyo. Mtoto wa meza kafunguliwa, kafungwa.

Bi Kazija alikuwa bado kwenye benchi. Kauliza wenziwe wa Kamba watasomewa lini. Nikamletea maji.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimefanya.

Bwana Mkadam alikwenda Kidichi kuzindua kundi dogo la Vikapu, kwa hotuba na soda. Nikaitoa ile barua, nikaichapa, nikairudufu kwa wote. Kofia, Mikeka, Kamba, hata Ufuaji. Chini nimetia jina la Bi Kazija tu. Langu sikutia. Si ushujaa huu, ni hasira.

Jumapili, 23 Agosti

Mkutano mkuu. Mwenyekiti alitaraji wachache wa kumpigia makofi. Wamejaa mpaka ngazini! Washona kofia wasiowahi kushika kumbi wanauliza habari za mashimo. Yeye kang'ang'ania ajenda: kugawa Mikeka kwa rangi. Hapo Bi Mwanakhamis akasimama.

“Mimi ndiye kundi zima la Ufuaji,” akasema. “Kundi langu linauliza, mashimo yatafukuliwa lini?”

Ukumbi ukacheka. Wanaume wawili nyuma, wageni, hawakucheka. Bwana Mkadam kawaona, kawajua: watu wa usalama. Akainua waraka, akauliza nani kauchapa.

Mwenye kuijua mashine ile ni mmoja, na yeye anajua. Lakini katazama dari, katazama dirisha, mimi hakunitazama. Karani wake akiwa na kosa, na yeye analo.

Na mimi? Mimi ninayemcheka kila mtu humu tangu mwezi uanze? Nikainamia daftari la kumbukumbu, nikajitia naandika.

“Mimi,” akasema Bi Kazija, kainuka kati ya wenziwe. “Nimechapa mwenyewe.”

Wakaondoka naye wale wawili. Alivaa viatu vyake mlangoni bila haraka. Wenziwe wa kaskazini wakabaki wamekaa, wanamngoja, mpaka bawabu akawaomba watoke.

Jumatatu, 24 Agosti

Naandika hapa hapa ofisini. Wale wawili wamemrudisha Bi Kazija asubuhi hii. Wanasema kama kweli kachapa yeye, basi aiendeshe mashine mbele ya macho yao. Ikaadhiniwa adhuhuri, wamekwenda kusali, wamemwacha na mimi. Mlango wa chini wameufunga.

Bwana Mkadam kabla hajatoka kaninong'oneza nisijitie. Jambo limeshapata pahala pake, kasema. Mtu huyu hata fedheha ataitafutia kundi dogo.

Nilimwamkia Bi Kazija shikamoo, akaitika marahaba, kama tumekutana sokoni. Macho yamemvimba. Nikamuuliza kwa nini kasema vile.

“Wewe wakikutoa hapa, nani atatuandikia?”

Kainuka, kaizunguka mashine, kashika mpini, kauachia. Kainusa. Kisha kanigeukia.

“Mwanangu, wino unatiwa wapi?”

Chupa ninayo mkononi. Viatu vyao ngazini —