Pumzi za Asumini

Mama kipenzi, shikamoo kutoka Unguja.

Unaikumbuka asumini ya shangazi, ile ya kwenye kopo chumbani? Kutwa hufungua na kufunga madirisha kwa ajili ya joto, hutundika kanga mbichi hewa isikauke, hata udi kaacha kufukiza humo, lakini vitumba vilipukutika tu. Nilipofika akanambia, "Tangu afe mume wangu, chumba kimekosa pumzi za watu. Kaa humo upumue, mwanangu."

Nikacheka, ila kila alasiri nikakaa nikimsomea gazeti. Jana magharibi ua likafunguka! Ni pumzi zangu kweli, au ni kwa kuwa alinisikiliza akayasahau madirisha?

Kesho napanda boti, na vitumba vingine bado. Yeye haombi, mama. Njoo ukae na wifi yako.

Mwanao, Salma