Jiko la Mama Sifa Niliharibu Mimi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Siku wifi zangu walipogawana vitenge vyako, hakuna aliyetaka kugusa ule mfuko wa kazi. Ulikuwa mweusi tii kwa masizi, na wote walikuwa wamevaa nguo za matanga. Nikasema, "Huo munipe minye." Walicheka, wakadhani nimepata hasara. Niliubeba mpaka chumbani, nikaufungua juu ya kitanda, na harufu yako ikatoka yote: majivu, sabuni ya kipande, na mafuta ya mashini ya kushona. Nililia mpaka bwana yangu akaja kuuliza kama nimegonga kidole.

Vitu vyako vyote viko, nimeviangalia kimoja kimoja. Brosi ya waya yenye mpini uliofungwa na mpira. Mswaki wa zamani. Turunevisi mbili za kufungulia skrubu, ile kubwa na ile ambayo ulikuwa hukopeshi muntu yeyote. Spoki ya kinga, ya gurudumu la baiskeli, uliyoinoa juu ya jiwe. Unyoya wa jogoo. Kopo la majivu na kifuniko chake. Mgeni akiviona atasema ni takataka. Mimi najua hakuna jiko la vidonge vya makapi lililokushinda ukiwa na mfuko huo, ukiondoa moja, na hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Unakumbuka nilivyofika kwako Songo, mjini Uvira? Nilitoka bondeni Ruzizi, ambako makapi ya mpunga tulikuwa tunayatupa nyuma ya mashini ya kukoboa, mbuzi walale juu yake. Kumbe mjini wameyakandamiza, wameyakata vipande vidogo kama dawa ya malaria, na watu wanapikia! Siku ya kwanza nilikaa kando ya jiko lako nikitazama ule moto usiotoa moshi, na kale ka vantilateri ka chini kanavyopuliza. Ukaniambia, "Usikaogope, mwanangu. Kanataka usafi tu." Ole wangu, nilisikia neno usafi peke yake.

Maana kwetu sisi wote, wa ziwani na wa bondeni, bibi-arusi anapimwa kwa sufuria. Anashuka ziwani, anasugua na mchanga mpaka muntu anaona sura yake ndani, kisha anazianika juu ya uchanja, majirani wapite wahesabu. Siku zangu za kukaa ndani zilipoisha, ulikuwa umeenda Mulongwe kwenye msiba. Nikaona sufuria, na kando yake jiko lililofunguka tumbo, jeusi kabisa. Nikajisemea, leo mama mkwe ataona kama alileta mukamwana nyumbani. Nikalitia kwenye beseni pamoja na sufuria, nikashuka nalo ziwani.

Nilisugua, mama! Mchanga nje, mchanga ndani, maji juu, maji chini. Nilililaza kifudifudi mpaka likameza ziwa lote. Niliporudi nikaliweka juu ya uchanja, katikati ya sufuria, linang'aa kama limetoka dukani.

Ulifika, ukasimama. Ukalitazama, ukanitazama. "Eh, bibi-arusi," ukasema polepole, "umeogesha moto?"

Nilidhani ni sifa, nikatabasamu. Aibu ya lile tabasamu ninayo mpaka leo.

Ulikaa chini ukalifungua. Kila tundu lilikuwa limejaa mchanga, na vantilateri ilipounganishwa na batri ilitoa mlio mmoja wa kusaga, ikanyamaza. Hapo ndipo uliponiambia lilikuwa jiko la Mama Sifa, yule anayekaanga maandazi karibu na shule kule Kasenga, na kwamba alikuwa anakuja kulichukua jioni ile ile. Nilijua kitakachofuata. Watasema wa bondeni hana mikono, watanirudisha kwa mama yangu nikafundwe upya, na njia nzima watu watauliza kwa nini nimerudi mapema hivi.

Mama Sifa alipokuja, mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya chai. Akauliza, "Nani aliharibu?"

Ukajibu bila kunitazama, "Ni minye. Mikono imezeeka."

Na mimi nikanyamaza. Nikamimina chai.

Ulimpa jiko lako mwenyewe ili kesho yake asikose kukaanga. Aliondoka nalo bila aksanti, na tangu siku hiyo ulirudi kupikia makaa, wewe fundi wa majiko! Nilipokuangukia miguuni ukaniinua kwa mkono. "Jina langu limezunguka Uvira miaka mingi, litavumilia," ukasema. "Lako halijaanza hata kutembea. Simama, uje ujifunze."

Nikajifunza. Ulinionyesha kwamba jiko likipoa, majivu yanatolewa kwanza, yote, kwenye kopo. Kisha spoki, tundu kwa tundu, kutoka nje kwenda ndani, bila haraka. Brosi ya waya ni ya chuma, mswaki ni wa pembeni, unyoya ni wa vantilateri peke yake. Tone moja la mafuta ya mashini, moja, siyo mawili. Unakumbuka yule mama aliyepaka mawese? Ulimwambia, "Mama, hili ni jiko, si sufuria ya sombe!" na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Na maji? Kitambaa chenye unyevu, nje tu. Kila ulipofika kwenye maji ulikuwa unanikonyeza, na mimi nafunika uso.

Lakini Mama Sifa hakucheka nawe tena. Kanisani alikupita kama nguzo. Wenzake wa kwaya wakapeleka majiko yao kwingine, na mimi nilikuwa naona, mama. Mara ngapi nilitaka kusema! Ukanikataza kwa macho, na nikafurahi kukatazwa. Hiyo ndiyo sehemu mbaya, kwamba nilifurahi.

Hata kwenye matanga yako alisema, mbele ya wanawake wote, "Alikuwa mama muzuri, ila kazi ilikuwa imemushinda." Nilikuwa napakua wali. Nikaendelea kupakua.

Juma lililopita alikuja pale Kasenga barabarani, kwenye meza tuliyokuwa tunatengenezea majiko mimi nawe, jiko likiwa kichwani. Ni lile lile lako ulilompa. Vantilateri ilikuwa imeziba masizi tu, unyoya ukatosha. Alipoona moto umesimama wima akafurahi. "Angalau weye uko kijana," akasema. "Hautaharibu kama mukwe wako."

Nikaweka unyoya chini.

"Mama Sifa, jiko lako lile la kwanza niliharibu minye. Nililiogesha ziwani, na mchanga. Mama mkwe hakuligusa. Alinibebea, na minye nikanyamaza."

Akapandisha sauti. Akaniita muongo, akaniita mchawi wa jina la mtu. "Miaka yote hii nilikuwa namunyima salamu! Na weye uko unaangalia?" Watu wa moto, wale wa pikipiki, wakasimama, mashini zinanguruma, kusikiliza. Akabeba jiko akaondoka analia, na sijui kama alikuwa analia kwa kunikasirikia au kwa ajili yako.

Sasa Kasenga yote inajua. Jana nilipita pale anapokaangia, nikamsikia anamwambia mteja, kwa sauti ya kunifikia, "Yule mama alikuwa fundi mpaka siku ya mwisho. Aliyeharibu ni huyu mukamwana, huyu anayepita." Jioni bwana yangu akaniuliza kama sikuona haya. Nikamwambia niliona haya miaka yote ile nilipokuwa nasifiwa, na jana ndiyo siku ya kwanza nimetembea barabara hiyo bila haya.

Aksanti, mama. Ulinipa kazi, ulinipa nyumba, ulinipa jina lako nijifunike. Nimekurudishia. Lala vizuri, weye fundi.

Mukamwana wako