Korongo Ambaye Mwaitu Hakumwandika

S.L.P. 61,
Ndithini, Masinga.
9 Februari 2003.

Mpendwa kaka Erastus,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani, nyingi kama mbu wa msimu wa mvua, ila hizi haziumi. U hali gani? Leipzig bado ina baridi ile ya kugandisha maneno mdomoni? Mkeo ameponaje kikohozi? Na Kamanthe wetu mdogo, je, ameanza kutembea? Picha uliyonitumia Krismasi nimeiweka ndani ya Biblia, na kila nikiifungua naliona paji la uso la Mwaitu, mama yetu, juu ya kichwa cha mtoto wa Kijerumani. Ulimpa mtoto jina la Mwaitu na bado humwandikii Mwaitu. Hilo nitalifikia, usinikimbie.

Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mwaitu goti linamsumbua asubuhi, lakini likipata jua anakimbizana na mbuzi hadi majirani wanacheka. Ndugu yetu Ngui bado yuko Kinanie na kazi yake ya ulinzi. Mbaazi tumevuna vizuri, na kama posta ingekubali ningekutumia sufuria nzima na mafuta yake.

Shuleni kwangu elimu ya bure imeleta gharika. Darasa langu lilikuwa na watoto thelathini na wanane, sasa wamefika tisini na mmoja, na mmoja wao ana ndevu. Kila asubuhi nafungua rejista nawahesabu kwa sauti. Mwaitu alipita siku moja akanisikia kupitia dirishani, akaenda zake akitikisa kichwa. Nilidhani anasikitikia wingi wao.

Kaka, nataka nikuambie habari za ziwa. Unakumbuka tulivyoliogopa mwaka ule lilipojaa? Wengine wanaliita bwawa hadi leo, lakini maji yaliyolala miaka zaidi ya ishirini yamekwisha kuwa ziwa. Mimi huamka mapema siku za Jumamosi niende Kona ya Matete kabla ukungu haujainuka. Wakati huo huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Migunga mikavu iliyozama hadi shingoni inasimama tu humo, na juu yake minandi weusi wametandaza mabawa wakiyakausha. Mtu anasahau hata jina lake.

Na ule mgunga mkubwa wa katikati, kaka, ni ule wa zizi la mbuzi la nyanya. Ndiyo, uleule uliochonga jina lako ukachapwa. Boma lote liko chini, jiko, ghala, kile kijia cha kwendea kisimani, na samaki wanapita mlangoni kwa nyanya bila kubisha hodi. Juu ya tawi tulilofungia bembea sasa kuna viota. Mara nyingine nikitazama sana ninaona kama tuko kule chini bado, tunacheza, na ndege hawa wanatulinda tusipande juu.

Huyo Mwaitu wetu ndiye mwangalizi wa Kona ya Matete. Usicheke. Miaka minne iliyopita alikuja bibi mmoja kutoka Nairobi, mtaalamu wa ndege wa majini, anaitwa Wanjugu. Anazunguka ziwa kila Januari na Julai kuhesabu ndege, ili ijulikane kama wanaongezeka au wanapungua. Kona hii mashua yake haipiti kwa sababu ya visiki, kwa hiyo akatafuta mtu wa karibu anayewajua ndege. Kila mtu alimwelekeza kwa Mwaitu. Akampa daftari, na Mwaitu, aliyejifunza kuandika kwenye gumbaru pamoja na wazee wenzake, akawa anachora vijiti vyake kwa kalamu ya risasi. Kila mti na mstari wake, kila kiota kijiti kimoja.

Sasa sikia shida ilivyokuja. Mwaka jana Kinuthia, yule mwenye duka la mbao, aliomba kibali akate migunga yote iliyo majini achome makaa. Naibu wa chifu si mtu mbaya. Alisema ataangalia kwanza daftari la ndege. Kama viota ni vingi miti itabaki, na kama ni vichache basi mti mkavu ni kuni tu. Lakini daftari la Mwaitu lilikuwa na hesabu ndogo kila msimu. Ilikuwa ndogo hata kwetu sisi tunaopita pale na kuona kwa macho.

Tukasema ni macho yake. Mimi mwenyewe nilimpeleka hospitali ya Machakos, tukapanga foleni tangu asubuhi, akapimwa, akapewa miwani. Daktari alisema macho ya mbali hayana neno kwa umri wake. Mimi mwalimu mzima sikusikia. Mwaitu akaivaa ile miwani kwa adabu njia yote hadi nyumbani, na tangu hapo anaivaa kanisani tu, kwa sababu anasema inamfanya afanane na mke wa mchungaji.

Basi tarehe kumi na nane Januari, siku ya kuhesabu, injini ya mashua ya Wanjugu ilikataa kuwaka, akaamua kukaa nasi ufukweni. Tulikuwa watatu kwenye nyasi zenye umande, yeye na darubini yake, Mwaitu na daftari lake, na mimi na chupa ya chai. Ukungu ulikuwa unapanda polepole, miti inatokea mmoja mmoja kana kwamba mtu anaiumba pale pale. Yangeyange walipita kundi zima, weupe, wakazima hata mazungumzo yetu. Furukombe akalia mara moja tu kutoka upande wa pili. Nilitamani siku hiyo isiishe.

Walipomaliza wakalinganisha. Wanjugu alikuwa na viota mia moja na kumi na viwili. Mwaitu alikuwa na themanini na sita. Wanjugu alinitazama kwa huruma ile ambayo watu humtazamia mtoto wa mzee anayepotewa na akili. Ndipo akamwonyesha Mwaitu kwa kidole ule mti wa pembeni, mfupi, ambao juu yake, kwenye kiota kimoja tu, husimama korongo mmoja mkubwa wa kijivu, mrefu kama mtoto wa darasa la pili. Huyo yuko pale kila Januari, peke yake. Hata kipofu angemwona.

"Mama, hiyo ndege kubwa pale, unaiona?"

"Naiona."

"Na mbona kitabu yako iko na sifuri?"

Mwaitu akafunga daftari taratibu, akatazama maji. Mimi nikalichukua nikaanza kuhesabu mistari, maana hesabu ndiyo inayonilisha. Mia na kumi na mbili ukitoa themanini na sita ni ishirini na sita. Na miti ya Kona ya Matete, kaka, ni ishirini na sita. Kila mti ulipungukiwa na kiota kimoja. Mti wenye vitano aliandika vinne, wenye kimoja akauandikia sifuri. Na yule korongo, kwa kuwa ni mmoja, akabaki na sifuri yake.

Nilimwuliza kwa Kikamba kama alikuwa akikosea makusudi. Akaniangalia kama ananionea haya. Akasema hajakosea hata siku moja. Kisha akaeleza kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikie:

"Kitu iko na uhai haimalizwi kuhesabu. Ukimaliza, umefunga mlango. Unaacha moja nje, hiyo ni ya Ngai, ya Mungu mwenyewe. Hiyo moja ndiyo inashikilia zingine zisipotee."

Wanjugu alicheka kwanza, halafu akafuta macho kwa mkono wa sweta. Alisema kwao pia nyanya yake hakuwahi kuhesabu mbuzi, alikuwa anawatazama tu jioni na kujua. Ameishi Nairobi akasahau.

Mimi sikucheka, kaka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye umande nikikumbuka sensa ya mwaka tisini na tisa.

Unajua ninachotaka kusema. Binamu yetu Nzioka ndiye aliyekuwa karani wa sensa kijijini. Alimwuliza Mwaitu amezaa watoto wangapi walio hai, Mwaitu akasema wanne. Nzioka, mdomo wake hauna kufuli, akakuandikia hayo kama kichekesho. Nawe ukaniandikia barua moja fupi ambayo bado ninayo: "Kama Mama ana watoto wanne, mimi ni wa nani?" Ukaamini amekufuta kwa sababu hukuja kumzika Baba. Nami nikaamini hivyo hivyo, na nikamkasirikia Mwaitu kimyakimya miaka mitatu, nikampikia na kumfulia huku nimekasirika. Hakuna kati yetu aliyemwuliza. Tunajua kusoma sote watano, lakini mama yetu hatukumsoma.

Nilimwuliza palepale, Wanjugu akiwa bado anahangaika na kamba ya darubini. Nikasema, na sisi Mwaitu, karani alipokuja, ulituhesabu hivyo? Akashangaa kwamba nauliza. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sijaongeza wala kupunguza:

"Hao wanne nilikuwa nawaona, naweza kuwachunga mimi mwenyewe. Huyo sikuwa namwona nilimwachia Ngai. Sasa ningemwachia nani, mwana wakwa? Nimtaje kwa karatasi ya serikali, halafu nani amlinde huko?"

Nililia kama mtoto mbele ya mgeni na mbele ya ndege wote wa Masinga. Mwaitu alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa akaniambia ninywe kabla haijapoa.

Kwa hiyo wewe hukufutwa. Wewe ndiye uliyeachwa nje ya hesabu ili sisi wengine tusipotee, na ili wewe mwenyewe usipotee. Miaka yote hiyo ulipokuwa unajiona wa kutupwa, ulikuwa wa Ngai. Nakuomba sana umwandikie. Si mimi, yeye. Andika kwa herufi kubwa, anasoma polepole na hataki kusomewa. Usiombe msamaha mrefu, ataona aibu. Mwambie tu umekula nini.

Mambo ya miti tumeyapatanisha hivi. Mwaitu anaendelea kuhesabu kwa desturi yake, na mimi, mbali naye, naongeza kimoja kwa kila mti kwenye karatasi ya Wanjugu. Tulirudia daftari zote za miaka minne namna hiyo, na hesabu zikakaa sawa. Naibu wa chifu alizisoma kwenye baraza, akamwambia Kinuthia atafute makaa kwingine. Kinuthia alinung'unika kwamba serikali sasa inapendelea ndege, lakini alikubali, na Mwaitu akampelekea maembe matano. Aliyatoa kapuni bila kuyahesabu, ila mimi mwalimu siponi ugonjwa wangu.

Jambo moja tu limeninyima raha. Siku ile ya kuhesabu nilimwandika yule korongo. Nilichukua kalamu mwenyewe, kwa furaha ya kuwa nimefumbua fumbo, nikaandika: korongo mkubwa, mmoja. Kesho yake nikitoka kanisani nikapitia Kona ya Matete, na mti wake ulikuwa mtupu. Nikarudi Jumatatu, na Jumatano. Jana tena nimeenda alfajiri, ukungu mzito, kila kivuli nilidhani ni yeye, hadi jua lilipotoka nikaona ni visiki. Wanjugu amenieleza kwa simu ya chifu kwamba ndege huhama, hakuna ajabu. Mimi nimesoma, najua huhama. Lakini usiku silali vizuri.

Nilimwungamia Mwaitu leo tukichambua maharagwe. Nilidhani atanikemea. Alicheka hadi goti likamuuma. Akasema: "Wewe ndiye ulimwandika. Mimi sikumwandika. Atarudi." Kisha akaniuliza, bila kuinua macho kwenye ungo, kama ndege ya kutoka Ujerumani hutua asubuhi au jioni.

Nisalimie mkeo, umwambie wifi yake anajifunza kutamka jina lake. Mbusu Kamanthe mdogo kwenye lile paji la uso. Ngui, Mutindi na kitindamimba wetu wanakusalimu, na Nzioka pia, ambaye nimemwonya afunge mdomo hadi Pasaka. Kutoka kwa Mwaitu sina salamu za kukupa. Nilimwuliza niandike nini, akasema nisikutaje sana.

Mungu akulinde huko tusikokuona, na njia yako ya kurudi isiote nyasi.

Ni mimi dadako akupendaye, na ambaye tangu mwezi uliopita sikuhesabu tena wewe,

Winfred.