Makochi ya Fundi Cherehani

Chumba namba tatu,
Nyuma ya kiwanda cha mabati,
Tarehe 14, mwezi wa kumi.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. U hali gani huko mbali? Kifua chako kimetulia, au bado unalala umekaa? Na wifi, miguu yake inamruhusu kusimama? Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Mimi niko palepale, nafua mashuka ya hospitali. Vidole vimechubuka kwa dawa lakini bado ni kumi, namshukuru Mungu.

Usicheke mwandiko. Darasa langu la nne unalijua. Siku zote mwanangu Maswali ndiye huniandikia, lakini barua hii inamhusu yeye, na sitaki aandike aibu yangu kwa mkono wake.

Uliuliza kama mpwa wako ameshaanza chuo. Hajaanza kaka, na mwaka huu haanzi tena. Nafasi ya uhandisi wa maji aliipata, barua ikaja na muhuri wake, nikaibusu kama mtoto mchanga. Kilichokosekana ni ufadhili, na aliyemkosesha ni mimi niliyemzaa. Wakikwambia ni bahati mbaya, usiwasikilize.

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja ujumbe uliingia kwenye simu yangu kwamba afisa wa ufadhili atafika saa tisa kutazama tunavyoishi. Maswali alikuwa ameenda kufundisha watoto wa watu. Mimi kichwani nikaona jambo moja tu, mgeni anakuja na sina pa kumkalisha. Nikakimbilia kwa jirani yangu, fundi cherehani.

"Shoga, afisa mzima akalie ndoo?" akanipigia kelele. "Unataka kuuaibisha mtaa?"

Mumewe na shemeji yake wakabeba makochi, wakarudi na zulia, wakarudi tena na televisheni. Waya wa televisheni haukufika hata ukutani, iliwekwa ipendeze tu. Kitanda chetu tukakisimamisha nyuma ya pazia.

Afisa akaja, kijana wa heshima zake, akavua viatu mlangoni. "Mama, kwako kuzuri," akasema. Sikumbuki mara ya mwisho kuambiwa neno hilo. Nikamfungulia soda. Akauliza, "Vyote hivi ni vyenu?" Sasa kaka, mtu umeshamkalisha, unamwambiaje kuwa amekalia cha kuazima? Nikajibu, "Ndiyo baba, tunajikongoja." Akaandika. Nami nikadhani anaandika kwamba tuna adabu.

Maswali alifika kijana akifunga kamba za viatu. Akalitazama kochi, akanitazama mimi. Mgeni akakata kona. Ndipo akasema, "Mama, yule alikuja kuuona umaskini wetu. Umeuweka wapi?"

Majibu yalisema familia ina uwezo. Sisi! Nilimwambia anisomee mara mbili.

Tukaenda ofisini, mimi, yeye na fundi cherehani. Tumepanga foleni tangu saa mbili, dirisha tumelifikia saa saba. Karani akafungua faili. "Mara ya kwanza ulikuwa na makochi, leo unasema huna. Niandike lipi?"

"Andika la leo."

"La leo ndilo wanalosema wote hapa, mama."

Fundi akapenyeza kichwa dirishani. "Makochi ni yangu mimi! Lile refu lina doa la mafuta ya cherehani, njooni mlitazame!"

"Basi mmeidanganya ofisi nyote wawili," karani akasema, na wenzake wakacheka. Nikamsihi waje tena waone chumba kilivyo. Akasema ukaguzi wa mwaka huu umefungwa. Anayefuata!

Kinachonikereketa ni hiki. Mwenye duka la saruji la barabara ya juu, mwanawe amepata. Watu wanasema siku ya afisa walihamia stoo, wakaketi kwenye mkeka wameinamisha vichwa kama wafiwa. Siwezi kuapa, sikuwapo. Ila mtoto yuko chuoni, na wangu anafungasha sabuni kiwandani.

Wewe unakumbuka tulivyolelewa. Mgeni akibisha hodi, mama anafunika sufuria tupu na kutukazia macho tukae kama walioshiba. Umaskini tumeufunika kama kidonda miaka yote. Nani aliniambia kuna siku watautaka tuufunue, na asiyejua kuufunua atanyimwa? Wenye nacho wameshajifunza. Sisi tumebaki na heshima zetu, na heshima hailipi ada.

Maswali hajanikosea adabu hata siku moja. Ananiamkia, ananitengea maji ya kuoga. Afadhali angenitukana. Juzi nikajikaza, nikamuuliza kama ataomba tena mwaka ujao.

"Nitaomba mama. Ila siku afisa akija, wewe nenda kazini. Nitampokea mwenyewe."

Alisema taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa asisumbuke kuinuka. Nimekubali.

Ukimwandikia Maswali, kaka, tafadhali usinitetee. Pole pia usimpe, amezipata hadi zimemkinaisha. Mwambie tu mjomba wake anamngoja awe mhandisi. Neno lako atalishika. Langu, kwa sasa, sijui.

Msalimie wifi, mwambie asikande miguu kwa maji baridi. Msalimie yule mkubwa wako, kiziwi wa makusudi, na kitinda mimba, wote unibusie. Fundi cherehani anakusalimu, naye tangu siku ile hakalii lile kochi refu bila kuguna. Mola akufungulie kifua na riziki, akurudishe kwetu ukiwa na meno yako.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata akiwa na uchungu,

Mama Maswali