Udongo Niliokutumia na Miche

Woodley, Nairobi,
Jumatano, 14 Mei 2025.

Shangazi yangu mpendwa Kijakazi,

Shikamoo. Habari za Witu, na goti lako je, limepoa? Sisi hapa ni wazima wa mwili, ila roho yangu haijatulia tangu juzi. Simu yako haipatikani kabisa, ndiyo maana naandika. Barua utaletewa na jirani yetu Abdulrauf, anayesafiri kesho.

Shangazi, ile miche ya nyanya aliyokuletea kaka Athman Jumamosi, umeshaipanda? Kama bado, tafadhali usiipande.

Nyanya zangu za nyuma ya nyumba zinanyauka, na maji nazipa. Juzi Nyokabi wa nyumba ya pili, anayefanya kazi maabara ya kilimo, aling'oa mche mmoja. Mizizi imejaa vinundu kama tangawizi. Akaniambia, "Mahira, hii mchanga iko na minyoo. Usipelekee mtu." Niliona haya kumwambia nimeshaipeleka.

Minyoo wenyewe ni wadogo, huwaoni, nao hawana macho. Nyokabi anasema mzizi unapokua hutoa vitu vyake udongoni, na mnyoo huvihisi kama sisi tunavyosikia harufu ya pilau ya jirani, akavifuata mpaka akaingia ndani ya mzizi. Kwa hiyo hata wachache wanatosha, maana mmea wenyewe ndio unaowaita.

Na mimi kwa ujuaji wangu nilijaza udongo wa hapa kwenye zile pakiti za maziwa, nikaushindilia, eti miche isione ugeni. Najuta, shangazi. Shamba hilo ndilo ulilobaki nalo tangu ufiwe, na huenda nimelitia ugonjwa kwa mkono wangu.

Kama umepanda, ng'oa yote. Mizizi uichome, udongo wake uutie maji yanayochemka, usiutupe mferejini. Jembe ulioshe kabla ya kumwazima mtu. Hapo usipande tena nyanya, biringanya wala bamia mpaka nikuulizie. Na usinifiche kwa kunihurumia.

Nisalimie Mwanakheri, Bi Khola na mzee Shee. Nakujua, ukipata kitu huli peke yako. Basi kila utakayemfikishia salamu zangu, muulize kwanza ulimpa miche mingapi, na ameipanda wapi.

Mola akupe afya, na ailinde ardhi yako na makosa yangu.

Mwanao akupendaye,
Mahira